SAFARI YA VISAHANI: HESABU KWANZA, USUKANI BAADAYE



Siku hizi si jambo la ajabu kukuta kijijini ukoo wenye mtu wake ng'ambo. Huyu ana binti muuguzi Marekani, yule ana kaka dereva wa lori huko huko, na bibi wa jirani ana wajukuu ambao hajapata kuwaona ila kwa picha za simu. Kila mwaka, mwezi wa Mei ukiisha na Juni ukiingia, shule nyingi za Marekani hufungwa kwa kiangazi kwa muda wa majuma kumi hivi, na hapo ndipo jamaa nyingi hufunga safari za motokaa. Basi mwanao atakupigia simu akwambie, "Mama, mwaka huu tunazunguka kucheza diski gofu." Nawe utaitika, "Haya, mwanangu," lakini moyoni wajiuliza: Ni mchezo gani huo wa kuwatoa wakubwa na wadogo nyumbani kwa siku kadhaa? Je, watarudi salama? Na fedha, itabaki?

Maswali hayo ni ya haki kabisa. Makala hii yataka kuyajibu moja moja, tena kwa hesabu, ili upate la kumwuliza mwanao kabla hajawasha motokaa. Na hata wewe usiye na mtu ng'ambo usiigeuze karatasi, kwani safari ni safari, iwe ya Kansas au ya kwenda Songea kwa shangazi.

MCHEZO WENYEWE

Kwa Kiswahili chetu twaweza kuuita gofu ya visahani. Gofu ya kawaida huchezwa kwa fimbo na mpira mdogo, na mpira huo hutakiwa kuingia katika shimo. Huku hakuna fimbo wala mpira wala shimo. Mchezaji ana kisahani cha plastiki, kipana kama sentimeta 21, chenye uzito wa gramu 150 mpaka 180 hivi. Mbele yake, mwendo wa mita 60, au 100, au 150, imesimikwa nguzo ya chuma yenye kapu, na juu ya kapu hilo inaning'inia minyororo. Mchezaji hukitupa kisahani. Kikianguka njiani, hukifuata, husimama pale kilipoangukia, hutupa tena. Hivyo hivyo mpaka kigonge minyororo na kutumbukia kapuni. Halafu huandika ametupa mara ngapi, akaenda kwenye kapu la pili.

Uwanja mzima huwa na vituo 18, na vingine vidogo vina 9. Mwisho wa mchezo kila mtu hujumlisha mitupo yake, na mwenye mitupo michache kuliko wote ndiye mshindi. Hapana refa wala filimbi. Kila mtu hujihesabia mbele ya wenzake, na asiye mwaminifu hujulikana upesi.

Visahani ni vya namna tatu. Cha kwanza kina ukingo mwembamba kama makali, nacho ni cha kwenda mbali. Cha pili ni cha mwendo wa katikati. Cha tatu kina ukingo mnene wa mviringo, huenda polepole, na ni cha kulengea kapu kutoka karibu. Anayejifunza hana haja ya furushi zima. Viwili vya namna mbili za mwisho vyamtosha, kwani kile cha makali kikiwa mkononi mwa mgeni hupinda upande na kuishia vichakani.

Usidhani ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja, David Wiggins Jr., alitupa kisahani kikaenda mita 338, yaani zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Lakini uzuri wake ni kwamba babu wa miaka 70 na mjukuu wa miaka 7 waweza kuanza pamoja, wakatembea pamoja, wakamaliza pamoja. Ni michezo michache iliyo hivyo.

ULIKOTOKA

Mwaka 1938 kijana mmoja, Walter Fredrick Morrison, alikuwa pwani ya Santa Monica, California, akitupiana na mchumba wake sinia la bati la kuokea keki. Mtu akapita akawaambia atalinunua kwa senti 25. Sinia lenyewe dukani lilikuwa senti 5! Kijana akaona hapo pana biashara. Baada ya miaka mingi ya kujaribu, akatengeneza kisahani cha plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikanunua haki ya kukitengeneza na kukiita Frisbee.

Katika kampuni hiyo alikuwamo Ed Headrick, aliyekirekebisha kisahani hicho kiende sawa bila kuyumba. Mwaka 1975 alifungua uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani katika bustani ya Oak Grove, karibu na Los Angeles. Mwanzoni walikuwa wakilenga nguzo tupu, na ubishi ulikuwa mwingi: Kimegusa! Hakikugusa! Ndipo Headrick akabuni kapu la minyororo. Minyororo hupunguza nguvu ya kisahani, kapu hukipokea, na kila mtu huona. Ubishi ukaisha. Mwaka 1976 akaanzisha chama cha wachezaji. Alifariki mwaka 2002, na leo Marekani ina viwanja vya mchezo huu kwa maelfu.

MBONA WAFUNGE SAFARI?

Hapa wapo watakaosema: Kama viwanja ni maelfu, si wacheze kilicho karibu na kwao?

Sababu ni mbili. Ya kwanza, hakuna viwanja viwili vinavyofanana. Uwanja wa mpira ni ule ule kila mahali, lakini uwanja wa visahani hufuata nchi ilivyo. Huku kapu liko ng'ambo ya kijito, kule liko juu ya kilima, mahali pengine umezungukwa na miti mpaka kisahani lazima kipite mwanya wa mita mbili. Mchezaji wa visahani ni kama mvuvi: akisikia habari za ziwa jingine, halali usingizi mpaka ametupa ndoana yake huko.

Sababu ya pili ni kwamba viwanja vilivyo vingi vimo katika bustani za umma, wala havina kiingilio. Mtu aingia na jamaa yake, acheza, apumzika kivulini, aondoka. Zipo programu za simu, kama ile iitwayo UDisc, zinazoonyesha kwenye ramani kila uwanja uliko na vituo vyake vilivyopangwa. Basi njia nzima huonekana kama shamba la maembe yaliyoiva, kila mti wakuita.

Na hapo ndipo penye mtego. Mtaka yote hukosa yote.

HESABU YA NJIA KUBWA

Tuchukue mfano. Tuseme baba na mama wenye watoto watatu wanakaa Kansas City, katikati ya Marekani. Mkubwa ana miaka 14, wa kati 10, na wa mwisho 6. Baba amepata likizo ya siku 10, naye ndiye mpenda visahani. Anatazama ramani na kusema: Twende California tukauone uwanja wa kwanza wa Headrick, na njiani tutacheza kila mahali!

Ni wazo zuri kwa masikio. Sasa tulipime.

Kutoka Kansas City mpaka Los Angeles ni kilometa 2,600 hivi. Hiyo ni zaidi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi. Motokaa ikienda kilometa 100 kwa saa bila kusimama, ni saa 26 za usukani. Kurudi ni saa 26 nyingine. Jumla 52. Dereva mwenye watoto asishike usukani zaidi ya saa 6 kwa siku, kwani lazima kusimama kila baada ya saa mbili, kula, kwenda chooni, kunyosha miguu. Gawanya 52 kwa 6: karibu siku 9.

Likizo ni siku 10. Toa 9. Imebaki siku moja.

Umeona? Baba alidhani amepanga safari ya kucheza, kumbe amepanga safari ya kukaa kitini. Mtoto wa miaka 6 ataiona Marekani yote kwa dirisha la motokaa. Na jambo lililo baya zaidi: baba atakapoona siku zinakwisha, atataka kuziiba kutoka usiku. Ataendesha saa 10 badala ya 6, atasema, "Bado kidogo tu." Usingizi wa dereva haupigi hodi. Barabara kuu za Kansas zaruhusu mwendo wa kilometa 120 kwa saa, na kwa mwendo huo motokaa hukata mita 33 kwa nukta moja. Dereva akisinzia nukta tatu, amekwenda mita 100 akiwa kipofu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya safari ya visahani, na ya safari nyingine zote, ni hii: Usihesabu viwanja, hesabu saa za usukani. Na sheria ya pili ni ndugu yake: Safari hupimwa kwa yule anayechoka upesi kuliko wote garini, haipimwi kwa hamu ya dereva.

HESABU YA NJIA NDOGO

Sasa tupange upya, kwa jamaa ile ile. Kilometa 175 hivi kusini-magharibi ya Kansas City uko mji mdogo uitwao Emporia, wenye watu kama 24,000. Mji huo hujiita makao makuu ya dunia ya gofu ya visahani, na si majivuno matupu. Mwaka 2005 ilianzishwa huko kampuni ya visahani ya Dynamic Discs, na mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Emporia mwaka 2016 na tena mwaka 2022. Katika hayo ya 2022 kwa wanaume alishinda Paul McBeth wa Marekani, na kwa wanawake Kristin Tattar, aliyetoka nchi ndogo ya Estonia huko Ulaya.

Kutoka Emporia, kilometa 95 kaskazini, ni Topeka, mji mkuu wa jimbo la Kansas. Kutoka Topeka kwenda Lawrence ni 45, na kutoka Lawrence mpaka nyumbani ni 65. Jumlisha: 175, na 95, na 45, na 65, ni kilometa 380. Mzunguko mzima ni usukani wa saa nne na kitu, tena umegawanywa kwa siku nne. Siku zote zilizobaki ni za kucheza na za kukaa pamoja.

Ratiba yaweza kuwa hivi:

Jumamosi, kabla ya safari. Wasiende popote. Wacheze bustani ya Rosedale, hapo hapo Kansas City, ambako upo uwanja. Siku hii ni ya kupima. Vituo 18 vimewachukua saa ngapi? Mdogo amechoka kwenye kituo cha ngapi? Nani ametaka maji, na mara ngapi? Kama mdogo amekaa chini kwenye kituo cha tisa, basi wameshajua: safari yao ni ya vituo tisa tisa. Ni afadhali kulijua jambo hilo nyumbani kuliko kulijua mbali.

Jumapili. Ni ya kusali, kupumzika na kufunga mizigo.

Jumatatu. Waondoke asubuhi, wafike Emporia mchana, walale. Jioni wacheze vituo tisa katika bustani ya Peter Pan.

Jumanne. Siku nzima Emporia. Asubuhi baba na mkubwa wacheze vituo 18 katika bustani ya Jones. Mama na wadogo wafanye watakalo.

Jumatano. Waende Topeka. Hapana visahani.

Alhamisi. Lawrence, uwanja wa bustani ya Centennial asubuhi, na jioni nyumbani.

Viwanja vitatu na kile cha kupimia. Baba atanung'unika, "Vichache!" Lakini kila kimoja watakikumbuka kwa jina.

SAFARI SI YA MTU MMOJA

Labda umeshangaa kuona siku nzima ya Topeka bila mchezo. Hiyo ni siku ya mama. Katika jamaa nyingi mmoja hupenda mchezo na wengine humfuata. Wakifuata siku nne bila kupata chao, siku ya tano manung'uniko yataanza kwenye kiti cha nyuma. Kwa hiyo sheria ya tatu: Kila aliyemo garini awe na siku moja au jambo moja lililo lake, nalo liandikwe katika ratiba kama viwanja vilivyoandikwa.

Tena Topeka ina la kuwaonyesha watoto wenye ngozi kama yetu. Huko liko jengo la shule ya msingi ya Monroe, iliyokuwa shule ya watoto weusi tu. Wakati huo watoto weusi wa Topeka waliipita shule ya wazungu iliyo karibu na kwao ili wafike shule yao iliyo mbali. Wazazi 13 wa mji huo wakaenda mahakamani, mmoja wao akiitwa Oliver Brown, baba wa binti aliyeitwa Linda. Tarehe 17 Mei, mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi yao ni kinyume cha katiba ya nchi. Leo jengo hilo ni mahali pa kumbukumbu ya taifa, wala kuingia hakuna malipo. Mtoto wa miaka 10 akisimama ndani ya shule hiyo, atajifunza jambo ambalo minyororo ya kapu haiwezi kumfundisha.

Hata bustani ile ya Peter Pan kule Emporia ina habari yake. Mji huo ulikuwa na mwandishi maarufu, William Allen White, mwenye gazeti la Emporia Gazette. Mwaka 1921 binti yake Mary, mwenye miaka 16, alipanda farasi, akagonga tawi la mti kwa kichwa, akafariki. Baba yake aliandika habari za mtoto wake gazetini, na maneno hayo yalisomwa nchi nzima. Baadaye wazazi hao waliutolea mji ardhi iwe bustani ya kumkumbuka binti yao. Basi watoto wanaorusha visahani humo leo wanacheza juu ya zawadi ya wazazi waliofiwa. Ni vyema baba awaambie wanawe jambo hilo kabla ya mtupo wa kwanza. Litawafanya waokote taka zao bila kuamriwa.

FEDHA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuandike.

Tuseme motokaa yao yala lita moja kwa kilometa 12. Njia kubwa ya kwenda California na kurudi, kilometa 5,200, itakunywa lita 433 za petroli. Njia ndogo itakunywa lita 32. Marekani petroli hupimwa kwa galoni, na galoni ni kama lita 3.8. Tuseme galoni moja ni dola 3 na senti 50: njia kubwa ni dola 400, njia ndogo ni dola 30. Tuseme tena chumba cha hoteli ndogo ya njiani ni dola 90 kwa usiku. Njia kubwa ina usiku 9, yaani dola 810. Njia ndogo ina usiku 3, yaani dola 270. Jumla ni 1,210 kwa 300, kabla hatujala hata mkate. Waliozoea kulala hemani wataokoa zaidi, kwani bustani nyingi za serikali zina mahali pa kupiga hema.

Kisahani kimoja mara nyingi huuzwa kati ya dola 10 na 20. Sita kwa jamaa nzima vyatosha. Na kila kimoja kiandikwe jina na namba ya simu kwa wino usiofutika, kwani ni desturi ya wachezaji wa huko kumpigia mwenyewe wakiokota kilichopotea.

Kuna tundu moja la mfukoni ambalo wengi hawalioni. Sehemu ya barabara kuu kutoka Emporia kupitia Topeka mpaka Kansas City ni ya kulipia, na tangu mwaka 2024 hawapokei tena fedha mkononi. Kamera husoma namba ya gari na madai hufuata nyumbani. Asiyejua hudhani amepita bure, kumbe karatasi inamngoja. Lazima nayo iingizwe katika daftari.

JUA, RADI NA MAJANI

Msomaji wa huku hudhani Marekani ni baridi tu. Hasha! Kansas mwezi wa Julai joto la mchana hufikia nyuzi 32 kwa kawaida, na siku nyingine 38. Mtoto anayetembea juani saa tatu bila maji aweza kuzirai. Kwa hiyo wacheze kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, halafu kivulini. Jioni warudi uwanjani, kwani huko kiangazi jua huchelewa sana. Katikati ya Julai huzama karibu saa tatu kasoro robo usiku! Kwetu saa hiyo watoto wamelala, kwao bado wanaona kapu vizuri. Maji yabebwe mengi kuliko visahani, na kofia kwa kila kichwa.

Pili, radi. Mvua za kiangazi huko huja ghafla na ngurumo kubwa, na mchezaji yu mahali pa wazi karibu na nguzo ya chuma. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mchezo umekwisha. Wasikimbilie chini ya mti, waingie garini na kufunga madirisha, wala wasitoke mpaka zimepita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Tatu, vichaka. Upo mmea wa huko wenye majani matatu matatu ambao ukigusa ngozi huiwasha na kuitoa malengelenge kwa siku nyingi. Na kupe wamo katika nyasi ndefu, nao huleta magonjwa. Soksi ndefu zivaliwe, na kila jioni watoto wakaguliwe mwilini.

Nne, maji. Kisahani kikianguka ziwani au mtoni, kimekwenda. Mtoto asitumwe kamwe kukifuata, kwani chini ya maji hakuna anayejua kina. Dola 15 zapatikana tena.

ADABU YA UWANJANI

Asiwepo mtu wa kutupa mpaka walio mbele wamekwisha ondoka. Kisahani cha gramu 170 kikimpata mtu kichwani ni sawa na jiwe. Bustani ni ya watu wote: yuko mama mwenye kigari cha mtoto, yuko mzee na mbwa wake, nao wana haki ya kupita. Kundi lenye watoto huenda polepole, kwa hiyo likiona wenzao wawili wanakuja upesi nyuma yao, liwaachie wapite. Tena matawi yasivunjwe ili kufungua njia ya kisahani. Mti uliokuzuia leo ndio utakaokupa kivuli saa sita.

MASWALI MATANO YA KUMWULIZA MWANAO

Ndugu msomaji, sasa wajua mchezo, wajua na njia. Mwanao akikupigia simu, usiseme "Haya" tu. Mwulize kwa upole, kama mzazi aulizavyo:

(1) Jumla ni saa ngapi za usukani, na kwa siku moja ni ngapi?

(2) Mmekwisha jaribu uwanja wa karibu, ukaona mdogo anachoka wapi?

(3) Mkeo (au mumeo) ana siku gani iliyo yake katika safari hii? Na watoto je?

(4) Mmeandika fedha ya petroli, malazi, chakula na barabara ya kulipia, na ya akiba?

(5) Ngurumo ikipigwa mkiwa kituo cha 17 na umebakiza kimoja, utafanya nini?

Hilo la tano ndilo kipimo cha mtu. Akijibu, "Nitamaliza kwanza," mwambie aahirishe safari. Akijibu, "Nitawachukua watoto garini, kapu halihami," basi mtakie heri.

Na sisi huku, tunapopanga kwenda harusini au matangani, au kuwapeleka watoto kwa babu wakati wa likizo ya Desemba, maswali ni yale yale: saa za njia, anayechoka upesi, kila mtu na lake, daftari, na kukubali kuacha hatari inapokuja. Hesabu hizo hazihitaji motokaa wala dola. Zahitaji karatasi, kalamu, na watu wa nyumba moja kukaa mezani usiku mmoja kabla ya safari.